Uyoga wa Gogo: Tuutambue Kabla ya Kuuita Dawa

Katika misitu ya miombo inayoizunguka Tabora, na kwenye visiki vya miembe mikongwe kandokando ya njia ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, huota aina ya uyoga usiopikwa. Hutokeza ubavuni mwa gogo lililokufa kama kibao kilichopigiliwa ukutani. Ni mgumu, hudumu miezi na pengine miaka, na mara nyingine hung'aa kama samani iliyopakwa vanishi. Katika makala haya nitauita uyoga wa gogo. Wapo wanaoukausha, wakausaga na kuunywa kwa kutafuta nafuu. Na katika maduka ya mijini, ndugu zake kutoka ng'ambo huuzwa ndani ya kahawa na vidonge, kwa ahadi za kutibu kisukari, shinikizo la damu na hata saratani.

Maoni yangu ni haya: hatuna haki ya kuuita uyoga huo dawa, wala kuuita sumu, kabla ya kujua ni upi. Na kazi ya kuujua ni ya mhudumu wa afya na mgonjwa kwa pamoja.

Jina linalotajwa zaidi sokoni ni Ganoderma lucidum. Lilianzia Uingereza mwaka 1781, pale mtaalamu wa mimea William Curtis alipoeleza uyoga uliookotwa karibu na London. Baadaye jina hilo likabandikwa kwa karibu kila uyoga wa gogo unaong'aa, uwe wa Asia, Amerika au Afrika. Ilipofika mwaka 2012, watafiti walionyesha kwamba hata lingzhi, uyoga mashuhuri wa tiba ya Kichina, ni spishi tofauti na ule wa Ulaya, wakaupa jina la Ganoderma lingzhi. Ikiwa uyoga uliotumika Uchina kwa karne nyingi ulikuwa ukibeba jina la mwingine, mtu wa Sikonge au Urambo aliyeokota kibao chekundu kwenye gogo la mninga atajuaje kwamba ameupata uleule uliofanyiwa utafiti?

Suala la majina lina uzito, na historia ya njia hii ya misafara yatufundisha hivyo. David Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora kuanzia Februari hadi Agosti 1872, alikuwa amepoteza sanduku lake la dawa miaka mitano kabla, na ndani yake kwinini ya kutibu malaria. Kwinini hutoka katika gamba la mti wa sinkona wa Amerika ya Kusini. Gamba hilo lilijulikana kutibu homa, lakini si kila sinkona ilikuwa na dawa ya kutosha. Hata baada ya Pelletier na Caventou kuitenga kwinini mjini Paris mwaka 1820, Waholanzi walipanda kwa wingi kisiwani Java aina iliyokuwa na kwinini kidogo mno. Mafanikio yalikuja pale tu mbegu za aina nyingine kutoka Bolivia zilipopandwa badala yake. Miti ilifanana, jina lilikuwa moja, ila aliyekunywa gamba la aina dhaifu aliendelea kuungua na homa.

Je, uyoga wa gogo hutambuliwaje? Kazi huanza na mti. Tuulize ni mti gani, umekufa au ungali hai, na uyoga umeota shinani au juu. Kisha tuugeuze, kwa maana upande wa chini husema mengi kuliko wa juu. Ukiwa na matundu madogo kama ya sindano, tuko katika kundi kubwa la uyoga wa matundu. Ukiwa na vijikunjo vilivyopasuka katikati, nao ni mdogo, mweupe wa kijivu na wenye manyoya, huenda ni Schizophyllum commune, unaoonekana kote katika nchi za joto. Ukiwa mwembamba na wa rangi ya chungwa inayokaribia wekundu, juu na chini, hasa kwenye magogo yanayopigwa na jua, yaelekea ni Pycnoporus sanguineus. Ganoderma huwa na matundu meupe au ya maziwa yanayogeuka kahawia yakikwaruzwa kwa ukucha, na humwaga vumbi la mbegu la rangi ya kakao. Mara nyingi vumbi hilo huonekana limetanda juu ya uyoga wenyewe na majani ya jirani. Phellinus nao ni mgumu kama kuni, mweusi na wenye nyufa juu, kahawia ndani. Tone la potasi hidroksidi huligeuza nyama yake kuwa nyeusi.

Alama hizo hutufikisha kwenye jenasi, aghalabu si kwenye spishi. Baada ya hapo huhitajika hadubini, na mara nyingi vinasaba. Ndiyo maana picha ya simu peke yake haitoshi, na unga uliokwisha kusagwa haufai kwa utambuzi wa macho.

Yupo atakayesema kwamba uyoga mgumu haujulikani kuua, hivyo hofu ya nini? Ulaya huota Hapalopilus, uyoga wa kahawia wa kwenye matawi ya miti migumu iliyokufa. Waliouchukua kwa kudhani ni uyoga mwingine unaolika waliumwa, nao uliwadhuru ini, figo na mfumo wa fahamu kwa asidi ya poliporiki iliyomo ndani yake. Ajabu ni kwamba tone lilelile la potasi hidroksidi lingewaonya, kwani uyoga huo hugeuka zambarau papo hapo. Aidha, taarifa za kitabibu kutoka Hong Kong na Thailand zimeeleza wagonjwa walioumia ini baada ya kutumia unga wa lingzhi.

Kuhusu manufaa, ushahidi hauna budi kusemwa kama ulivyo. Mapitio ya Cochrane juu ya saratani yalikusanya majaribio 5 yenye wagonjwa 373, yakahitimisha kwamba hakuna msingi wa kuutumia Ganoderma kama tiba ya kwanza. Huenda ukafaa pembeni ya matibabu ya kawaida. Mapitio mengine ya mwaka 2015 hayakupata ushahidi wa kuunga mkono matumizi yake dhidi ya vihatarishi vya moyo kwa wenye kisukari cha aina ya pili. Kwa upande mwingine, viambato vyake vimeonekana maabara kupunguza kuganda kwa damu, jambo la kuhofiwa kwa anayetumia wafarini au anayesubiri upasuaji.

Nawashauri basi wahudumu wenzangu tuache kuuliza, "Umetumia dawa za kienyeji?" kwa sauti ya hakimu. Swali la namna hiyo huzaa jibu la "hapana." Tuulize kwa upole, "Mzee wangu, mama yangu, ni kitu gani kingine unachokunywa nyumbani, na waweza kutuletea kipande chake kabla hakijasagwa?" Kipande kikija, kikaushwe, kifungwe katika karatasi wala si plastiki, na kiandikwe jina la mti, mahali na tarehe. Nchi yetu ina pa kukipeleka: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hifadhi ya mimea, na Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Kitabu cha Härkönen, Niemelä na Mwasumbi juu ya uyoga wa Tanzania, kilichotoka mwaka 2003, nacho chastahili kuwapo katika maktaba za vyuo vya afya.

Nawe msomaji unayetibiwa, usiache vidonge vya hospitali kwa sababu ya kibao ulichopewa, wala usimfiche daktari wako. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na mficha dawa hayuko mbali naye.

Waganga wa Unyamwezi wanaijua miti yao kwa jina, kwa gamba na kwa harufu. Uangalifu huohuo, ukiongezewa hadubini, ndio ninaoutaka kwa uyoga wa gogo. Pengine katika miombo ya Tabora kuna spishi yenye faida kubwa ambayo bado haijachunguzwa. Tukiendelea kuuita kila uyoga unaong'aa kwa jina la kigeni, tutaipita bila kuiona, na mgonjwa wetu ataendelea kunywa asichokijua.