SHABA INATOKA, MOTOKAA INARUDI

Wandugu, kila motokaa inayopita katika njia za Lubumbashi ina shaba ndani yake, karibu kilo 20. Ile ya umeme, karibu 80. Tangu tanuru ya mji huu ilipomwaga shaba ya kwanza, mwaka 1911, inchi yetu inauza shaba kwa bei ya shaba, halafu inainunua tena kwa bei ya motokaa. Katikati kuna nini? Kuna kazi: mshahara wa mafundi wa Japani na China, na kodi ya serikali zao. Muuza mahindi akinunua unga wa mahindi yake, anamlisha mwenye kinu.

Sisi makarani tunaandika tani zinazoondoka. Mishahara inayoondoka pamoja nazo haiandikwi.

Hatumlaumu mnunuzi: motokaa ya Kongo ataipata wapi? Tunawauliza wenye kutawala. Mwaka 2022 Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza batri. Sahihi haimpi kijana kazi. Kiwanda kisimame! Nasi, viti na bodi vikiharibika, tuwape feza mafundi wetu kwanza.