Aki na Ukwa: Tunacheka Utundu au Kimo?

Leo tunamvaa Mnigeria. Kuna picha moja ambayo ukiitaja kuanzia Lizaboni hadi Bombambili, mtu mzima anaanza kucheka kabla hujamaliza jina: Aki na Ukwa ya mwaka 2002. Madogo wawili, watundu kupita kiasi, wanawatoa jasho wazazi na kijiji kizima. Jina lenyewe ni Kiigbo, na ile "na" ya katikati ina maana ileile ya "na" yetu. Ndugu zetu kabisa hawa!

Uzuri kwanza. Chinedu Ikedieze na Osita Iheme (ndiye Pawpaw) wanachekesha hata ukizima sauti. Enzi za vibanda vya video, kile Kiingereza cha Kinigeria wengi kilikuwa kinatupita kushoto, lakini nani alihitaji mkalimani? Mcheki Pawpaw anavyobinua mdomo, au wote wawili wanavyotazamana kabla ya kutoka nduki. Halafu wanaoumbuka ni wakubwa. Kwa dogo anayetumwa dukani mara saba kwa siku, hiyo ni raha tupu.

Ubovu sasa. Picha inazunguka palepale: utundu, kukamatwa, fimbo, mbio, halafu utundu tena. Ukifika sehemu ya pili unajua kabisa fimbo itatokea upande gani.

Ila kinachonikera zaidi ni kimo. Mwaka ule Osita alikuwa kijana wa miaka 20, na mwenzake alimzidi. Mtu mzima kucheza dogo si kosa. Stockard Channing kwenye Grease ya 1978 alicheza msichana wa shule wakati ameshagonga 33. Tatizo ni kwamba wale wawili walipewa nafasi kwa sababu ya ufupi wao, na mtaani utani ukahama kutoka kwenye utundu kwenda kwenye umbo. Ukiwa mfupi darasani, jina la Aki lilikuwa linakusubiri mlangoni, hata kama wewe ndiye mpole kuliko wote. Washkaji wanacheka, na mwenye jina anacheka nao, maana akinuna ndiyo kasheshe inaongezeka.

Ndiyo maana mimi nakutuma kwenye 2 Rats ya 2003. Mastelingi ni walewale, lakini safari hii utundu una sababu. Ndugu wa baba yao anamuua baba kwa tamaa ya mali, kisha watoto wanageuzwa maboi ndani ya nyumba yao wenyewe. Hapo kila aliyewahi kuona mali ya marehemu ikigombaniwa kabla matanga hayajaanuliwa anakaa sawa kwenye benchi. Madogo wakimkomoa yule mzee, watazamaji wote wako upande wao, na hakuna anayekumbuka kupima urefu wa mtu.

Wenyewe hawakupotea. Mwaka 2011 Rais Goodluck Jonathan aliwapa wote wawili nishani ya taifa, na sura ya Pawpaw siku hizi inazunguka kwenye simu za watu ambao hata Nigeria hawajui iko wapi.

Maksi zangu: Aki na Ukwa sita juu ya kumi, 2 Rats nane. Ukipata jioni moja ya baridi ya Songea, anza na hao panya wawili. Sehemu ya pili ya Aki na Ukwa mwachie mdogo wako.