Polisi Wasijichunguze Wenyewe

Makamanda, tuanze na karatasi moja tu: PF3. Ukipigwa mtaani unaenda kituoni, unapewa PF3, unaipeleka hospitali, daktari anaijaza, inakuwa ushahidi. Sasa aliyekupiga akiwa askari je? PF3 inatoka kaunta ileile. Yaani unamwomba askari akupe karatasi itakayomfunga mwenzake.

Na mfumo mzima ndivyo ulivyo. Ukimlalamikia askari, unaenda kwa mkuu wa kituo, au kwa OCD, au kwa RPC. Wote polisi. Anayemhoji mtuhumiwa ni polisi, na anayempa adhabu ya kijeshi ni polisi. Wewe unabaki kuambiwa suala lako linashughulikiwa. Sisi tunaosoma sheria tunafundishwa mapema kabisa kwamba mtu hawezi kuwa hakimu kwenye kesi yake mwenyewe. Kwani kanuni hiyo inaishia mlangoni mwa kituo?

Serikali yenyewe inajua kwamba haifai. Januari 2006 polisi Dar es Salaam waliua wafanyabiashara watatu wa madini na dereva teksi wao, wakasema ni majambazi. Ukweli ulipoanza kutoka, Rais Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Kipenka. Januari 2022 kijana mfanyabiashara wa madini aliuawa mikononi mwa polisi Mtwara, baada ya kudai pesa zake zilizochukuliwa na polisi haohao. Rais Samia alisema hadharani kwamba polisi hawawezi kuua halafu wakajichunguza, akaagiza Waziri Mkuu aunde kamati. Mwaka 2025 Mahakama Kuu iliwatia hatiani maofisa wawili.

Angalia hapo. Miaka 16 imepita kati ya matukio hayo, na dawa ni ileile: Rais akiguswa, tunapata uchunguzi huru. Je, bodaboda aliyechapwa vibao na kunyang'anywa elfu ishirini? Mama lishe aliyelala mahabusu siku nne bila kosa? Hao hawaundiwi kamati. Uchunguzi huru umekuwa hisani, wakati unapaswa kuwa haki.

Wapo watakaosema tuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ipo kwenye Katiba, ibara ya 129. Ni kweli, na inaweza kuchunguza. Lakini makamishna wake wanateuliwa na Rais, na kazi yake mara nyingi inaishia kwenye mapendekezo.

Kenya wana IPOA, chombo cha kiraia kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Askari akisababisha kifo, polisi wanatakiwa kuitaarifu. Sisemi Kenya ni peponi. Wakili Willie Kimani aliuawa 2016, hukumu dhidi ya askari ikaja 2022. IPOA haishtaki, inapeleka jalada kwa DPP. Lakini Albert Ojwang alipofia kituoni Nairobi Juni 2025, polisi wakasema alijigonga ukutani, kulikuwa na watu nje ya jeshi wenye mamlaka kisheria kuuliza maswali. Askari wakafikishwa mahakamani.

Kwa hiyo tudai mambo matatu. Moja, chombo huru cha kiraia chenye wachunguzi wake, siyo askari walioazimwa. Mbili, kila kifo au jeraha kubwa mikononi mwa polisi kiarifiwe hapo mara moja, Rais awe amesikia au hajasikia. Tatu, mlalamikaji apewe majibu kwa maandishi, ndani ya muda uliotajwa kwenye sheria.

Wakati tunadai, tusikae kimya. Ukionewa, andika namba ya askari, saa, mahali na majina ya walioona. Peleka lalamiko kwa maandishi, gongesha muhuri kwenye nakala yako, nakala nyingine ipeleke Tume. Lalamiko la mdomo linakanushika kirahisi. Karatasi yenye muhuri watapata tabu kuikana.