Dawa iliyookoa Homa Bay na bei yake ndani ya seli

Mwaka 2001 Hospitali ya Wilaya ya Homa Bay ilianza kutoa bila malipo dawa za kupunguza makali ya ukimwi, kwa msaada wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Mwaka huo huo kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuliuzia shirika hilo, kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, mseto wa stavudini, lamivudini na nevirapini. Mseto huo ukawa tegemeo la nchi maskini, Kenya ikiwamo.

Lakini muongo mmoja kabla, mwaka 1991, maabara ya Yung-Chi Cheng katika Chuo Kikuu cha Yale ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba dawa za jamii ya stavudini hupunguza vinasaba vya mitokondria. Chuo hicho hicho, ajabu ya mambo, ndicho kilichomiliki hataza ya stavudini.

Mitokondria ndizo zinazogeuza chakula kuwa nguvu ndani ya seli. Zina vinasaba vyake zenyewe, vinavyonakiliwa na kimeng'enya kiitwacho polimerasi gama. Dawa iliyokusudiwa kukikwamisha kirusi hukikwamisha pia kimeng'enya hicho. Seli ikikosa nguvu, asidi ya lakti hujikusanya katika damu, na pengine huua. Nyayo huwaka moto. Mashavu, mikono na miguu hukonda.

Katika nchi ya Waluo, ambako kukonda kumehusishwa tangu zamani na chira, adhabu ya kuvunja mwiko, dalili hiyo haikuwa jambo dogo. Mtu aliyekwisha kukidhibiti kirusi alirudishiwa sura ya mgonjwa.

Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi kuiacha stavudini mwaka 2009. Kosa halikuwa kuianza, kwani bila hiyo wengi wangezikwa. Kosa lilikuwa kuchelewa kuiacha ilhali nchi tajiri zilikwisha kuipa kisogo, na sababu kubwa ilikuwa bei ya tenofovia.

Swali hilo limerudi kwa sura nyingine. Mwaka 2017 Kenya ilitangulia Afrika kuanza kutumia dolutegravia isiyo ya nembo, dawa bora kuliko stavudini kwa kila kipimo. Hata hivyo, utafiti wa Afrika Kusini wa mwaka 2019 ulionyesha watumiaji wake wakinenepa, hasa wanawake, na mwaka 2020 watafiti wa Kampala waliripoti wagonjwa waliopandwa na sukari baada ya kubadilishiwa dawa. Chanzo chake bado kinabishaniwa, wala si lazima kiwe kile cha stavudini.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wana virusi, na Migori takriban 13. Hao watameza dawa maisha yao yote, na wengi wanaingia umri wa kisukari na shinikizo la damu. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, mjadala ulikuwa juu ya vidonge. Mizani na kipimo cha sukari havikutajwa sana, navyo ndivyo vitakavyomwonyesha daktari wa Ndhiwa au Rongo, mapema, nani abadilishiwe dawa.