Lango Pekee Halileti Amani

Katika mitaa ya kitajiri ya Nairobi kama vile Runda, ambako malango na mabawabu huwakabili wapitao, wakazi hujihesabu kuwa salama salimini. Lakini lango, ijapokuwa humtia taabu mwizi mgeni, halimzuii mhalifu aingiaye kwa idhini, wala haliondoi ufukara na dhuluma, bali huweza kumsukuma mwizi huyo kwa jirani asiye na uwezo wa kujenga ukuta. Usalama huweza pia kujengwa kwa ujirani: Tanzania, tangu miaka ya 1960, ilitegemea mabalozi wa nyumba kumi, yaani viongozi wa kila kundi la nyumba kumi, waliowajua watu wao, na Kenya ikaufuata utaratibu huo mwaka 2013. Wenye mali wana haki ya kujihifadhi. Ila serikali isiruhusu njia za umma kufungwa kwa maslahi ya wachache, maana usalama ni haki ya raia wote.