Anwani ya Kuazima Haimpi Mwanafunzi Nyumba

Pendekezo la kuongeza katika katiba ya jumuiya ya Wadigo na Waduruma wanaoishi Stuttgart kanuni inayomkataza mwanachama kutoa anwani yake kwa mwanafunzi asiyelala katika nyumba hiyo limezua maneno makali. Wanaolipinga wanasema kwamba litawafungia mlango vijana wa Samburu, Taru na Mackinnon Road ambao wameshapata barua za kukubaliwa vyuoni Stuttgart, na wanaoliunga mkono wanasema kwamba sheria ya Ujerumani haichezewi. Tahariri hii inaunga mkono kanuni, ila inashikilia kwamba kanuni isiyofuatana na vyumba vya kulala na mfuko wa amana ni sawa na kufukia kisima cha maji machafu katika nchi kavu kabla ya kuchimba kingine, na watu wa Samburu hawahitaji kuelezwa matokeo yake.

Chanzo cha tatizo ni mzunguko ambao kila mwanafunzi mgeni huingia siku anayoshuka kwenye ndege, na ambao wanachama waliofika zamani kwa njia ya ndoa au ya kazi hawakuupitia, ndiyo maana wengi wao hawauoni. Viza ya masomo aliyopewa Nairobi ni ya miezi michache tu, na kibali cha ukaazi kinachoendelea baada yake hutolewa na ofisi ya wageni ya mji kwa mtu aliyesajiliwa kuwa mkaazi. Usajili huo, ambao Wajerumani huuita Anmeldung, unatakiwa ufanywe ndani ya wiki mbili tangu kuhamia, na tangu Sheria ya Usajili ya Shirikisho ilipoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2015, haufanyiki bila Wohnungsgeberbestätigung, yaani hati ambayo mwenye nyumba, au mpangaji anayempangisha mwingine, anathibitisha kwamba mtu huyo amehamia kweli. Hati hiyo haipatikani bila chumba, na chumba hakipatikani bila amana. Fedha za amana zimo katika akaunti ya zuio, na akaunti ya zuio hulipa kupitia akaunti ya kawaida ya benki, ilhali benki nyingi humtaka mteja mpya alete hati ya usajili. Kijana amezunguka, amerudi pale pale alipoanzia, na fedha zake mwenyewe anazitazama kwenye simu bila kuzigusa.

Hapo ndipo anwani ya kuazima ilipopata soko. Jina la mwanafunzi hubandikwa kwenye sanduku la barua la mwanachama, hati hutiwa sahihi, usajili hupita, kisha kijana hulala kwa rafiki wiki hii na kwa mwingine wiki ijayo. Wanaofanya hivyo hufanya kwa huruma, na tahariri hii haiwahesabu kuwa wahalifu wa moyo. Lakini kifungu cha 19 cha sheria iliyotajwa kinakataza waziwazi kumpa mtu anwani kwa ajili ya usajili wakati hahamii wala hakusudii kuhamia hapo, na kifungu cha 54 kinaruhusu faini inayoweza kufika euro 50,000. Mwanachama anayetegemea ujira wa hoteli au wa nyumba ya wazee hawezi kulipa faini ya namna hiyo hata akiuza kiwanja chake cha Ukunda. Naye mwanafunzi hukosa barua za ofisi ya wageni na za chuo, kwa sababu zinafika kwenye mlango asioupita, na barua moja iliyokosa jibu yaweza kumgharimu kibali.

Ukubwa wa hasara hiyo haueleweki mpaka ikumbukwe gharama ambazo familia imebeba kumfikisha kijana hapa. Akaunti ya zuio, au Sperrkonto, ni akaunti ambamo mwombaji wa viza huweka mapema fedha za kujikimu kwa mwaka mzima, na baada ya kufika huruhusiwa kutoa fungu moja tu kila mwezi. Kiasi kilichokuwa euro 11,208 kwa mwaka kilipandishwa tarehe 1 Septemba 2024 kuwa euro 11,904, sawa na euro 992 kwa mwezi, nazo kwa fedha za Kenya ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Kwa Waduruma wa Samburu, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa baba na kwa upande wa mama pia, fedha hizo hutoka pande zote mbili, hivyo kijana huondoka nyumbani akiwa na wadai wa pande mbili: ng'ombe wameuzwa, harambee imefanywa, na wajomba wanahesabu miezi.

Juu ya hizo kuna karo. Vyuo vikuu vya umma katika majimbo mengi ya Ujerumani havitozi karo, bali mchango wa muhula tu, lakini jimbo la Baden-Württemberg, ambalo Stuttgart ndiyo makao yake makuu, tangu muhula wa majira ya baridi wa 2017/18 huwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, yaani euro 3,000 kwa mwaka. Sheria ya jimbo inaviruhusu vyuo kuwasamehe karo baadhi ya wanafunzi kutoka nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, na Kenya ni mojawapo, ila nafasi ni chache na huombwa kwa maandishi, kwa hiyo kila mwanafunzi anapaswa kukiuliza chuo chake jambo hilo kabla ya kujiandikisha, wala asingoje kuambiwa. Wazazi wa Samburu wanaolipa karo hiyo, wakati mtoto angeweza kusoma bila karo katika jimbo jingine, hulipa kwa sababu moja, nayo ni kwamba shangazi au mjomba yupo Stuttgart. Ikiwa shangazi huyo hatoi zaidi ya jina kwenye sanduku la barua, familia imelipa euro 3,000 kwa mwaka kununua ujamaa ambao haupo.

Badala ya anwani ya kuazima, kamati ya jumuiya inapendekeza mambo mawili ambayo yangeweza kuanza muhula ujao kama mahudhurio ya mikutano yangeruhusu uamuzi wowote kupita. La kwanza ni chumba cha kweli cha miezi miwili au mitatu ya mwanzo katika nyumba ya mwanachama. Mpangaji hawezi kumpangisha mtu mwingine bila ruhusa ya mwenye nyumba, na akifanya hivyo kwa siri anaweza kuvunjiwa mkataba, lakini kifungu cha 553 cha Sheria ya Kiraia ya Ujerumani kinampa haki ya kudai ruhusa hiyo kwa sehemu ya nyumba yake, iwapo haja halali imezuka baada ya mkataba kutiwa sahihi. Wanachama wengi hawaijui haki hii na hukaa kimya kwa hofu. Barua inayohitajika ni fupi: inataja jina la mgeni, chumba atakachokaa, muda wa kukaa na sababu, nayo hupelekwa kabla mgeni hajafika. Ruhusa ikipatikana, hati ya kuhamia hutiwa sahihi kwa ukweli mtupu, na mzunguko wote ulioelezwa hapo juu hufunguka.

La pili ni mfuko wa amana. Amana ya nyumba, kwa mujibu wa kifungu cha 551 cha sheria hiyo hiyo, haizidi kodi ya miezi mitatu bila kuhesabu gharama za ziada kama za kupasha nyumba joto, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu sawa ya kila mwezi, la kwanza likilipwa upangaji unapoanza. Anayemdai mwanafunzi amana yote kabla hajaona chumba, tena kwa kutumiwa fedha nje ya nchi, mara nyingi hana chumba chochote. Tofauti na kodi, amana hailiwi. Hurudishwa mpangaji anapoondoka ikiwa hakuharibu kitu wala hadaiwi. Kwa sababu hiyo mfuko mdogo unaweza kuhudumia kundi moja la wanafunzi baada ya jingine, mradi kila anayekopeshwa atie sahihi kwamba marejesho yataingia moja kwa moja katika akaunti ya jumuiya. Kamati inasisitiza, na tahariri hii inasisitiza zaidi, kwamba fedha zitoke katika akaunti ya jumuiya kwenda kwa mwenye nyumba zisipite mkononi mwa mtu, awe mwenyekiti au mweka hazina. Wakenya wote waliona mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu wakidai fedha walizolipa kwa mpango wa kaunti wa masomo ya Finland na Canada, hadi suala likafika mahakamani. Fedha za elimu zilizochangwa kwa jasho la wengi zinahitaji risiti, na anayeomba risiti asionekane kuwa anamtuhumu mtu.

Haya yote yalijadiliwa katika mikutano miwili iliyopita, na katika yote miwili akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama inayohitajika ili kura iwe halali, haikutimia. Wanachama wenye asili ya Diani na Msambweni walinong'ona kwamba hili ni jambo la watu wa bara, kwa sababu vijana wanaosubiri wanatoka Samburu. Nao watu wa Samburu walikaa nyumbani wakisema kwamba jumuiya tangu zamani ni ya watu wa Diani. Mgawanyiko huu unachosha. Wageni wa Kijerumani waliojaa hoteli za Diani tangu miaka ya 1970 ndio walioifungua njia ambayo wote wameipita, na ofisi ya usajili ya Stuttgart haimuulizi mtu kama ni Mdigo au Mduruma.

Muhula wa majira ya baridi huanza Oktoba, na kwa kozi nyingi mwisho wa maombi ni tarehe 15 Julai, hivyo barua za kukubaliwa huanza kufika Agosti. Mwanafunzi aliyepata barua aombe siku hiyo hiyo chumba katika mabweni ya Studierendenwerk, shirika la umma linalosimamia makaazi na mikahawa ya wanafunzi, kwa kuwa orodha ya kungojea ni ndefu. Mwanachama mwenye chumba, hata cha mwezi mmoja, amwandikie mwenye nyumba wake sasa na kumpa katibu nakala ya jibu. Asiyeweza kuhudhuria mkutano asome ibara ya katiba inayomruhusu kumpa mwenzake kura kwa maandishi, na karatasi hiyo imfikie katibu kabla ya mkutano kufunguliwa, kwa sababu karatasi zilizoletwa mara ya mwisho baada ya akidi kuhesabiwa hazikuweza kupokelewa.