Kontroli ni Kazi ya Mnunuzi

Kando ya Ziwa Tanganyika, huku kwetu Burundi, kuanzia Kabezi hadi Nyanza-Lac, gari lililotumika haliuzwi bila kutajwa sharti moja ambalo watu wamelizoea kama sheria: kontroli, yaani ukaguzi wa gari, ni kazi ya muuzaji. Mnunuzi alete pesa, muuzaji alete gari na karatasi zake. Dalali huzipanga juu ya boneti: karte rozi (kadi ya umiliki wa gari), bima na karatasi ya kontroli. Mnunuzi huangalia tarehe, huona bado haijapita, kisha huhesabu noti. Kesho yake alfajiri gari hilo liko Gitaza likipakia abiria, mawese na ndagala kwenda Bujumbura. Hakuna aliyechungulia chini yake.

Imani hiyo ni ya uongo, tena ni ya hatari. Inamwachia mtu anayeachana na gari kazi ya kuthibitisha kwamba linafaa kukimbia mikononi mwa mwenzake. Yeye keshapokea chake. Anayebaki na gari, na abiria, na kona za mlimani, ni mnunuzi. Basi kontroli ni kazi ya mnunuzi, na aifanye kabla hajalipa.

Tuiangalie karatasi yenyewe. Burundi ukaguzi wa magari hufanywa na OTRACO, shirika la umma la usafiri. Karatasi ya ukaguzi inathibitisha kwamba siku ile gari lile lilipita. Yaliyolipata baada ya siku ile haiyajui. Gari lililokaguliwa Januari linaweza kushinda miezi minne likibeba saruji, likapitishwa kwenye maji yaliyofunika barabara, likagonga ukingo wa daraja na kunyooshwa kwa nyundo, na bado tarehe ikabaki ileile. Pedi za breki huisha kwa kilomita na uzito. Kalenda ni ya polisi wa barabarani.

Halafu kuna matairi ya kuazima. Fundi yeyote mwenye umri anaijua mbinu hii: gari huvishwa matairi mazuri asubuhi ya ukaguzi, jioni matairi hurudi kwa mwenyewe na vipara hurudi barabarani. Hufanywa hivyo kwa taa, na hata kwa betri. Mnunuzi aliyeonyeshwa karatasi ya gari la namna hiyo ameonyeshwa picha ya gari jingine. Na muuzaji hakughushi chochote: mhuri ni halali, saini ni halali, namba ya chesisi ni yenyewe. Ndiyo maana nasema uhalali wa karatasi hautoshi, na kwamba anayeishia kwenye uhalali huo hajamaliza kazi yake.

Barabara yetu haina huruma kwa uzembe huo. Barabara ya Taifa namba 3 hupita Muhuta ikiwa imebanwa, mlima upande mmoja na Tanganyika upande mwingine. Machi 2015 mlima uliporomoka Gitaza, ukaua watu na kukata njia. Miaka ya karibuni ziwa nalo limepanda, likaingia kwenye nyumba za Rumonge na kuila barabara sehemu sehemu. Kisha ukaja ukarabati wa kilomita 45 kati ya Gitaza na Rumonge kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na tunaushukuru. Lakini lami nzuri humpa dereva kasi. Zamani mashimo yalimlazimisha kila mtu kwenda polepole, na breki mbovu ikajificha ndani ya upole huo. Sasa gari lilelile linaingia kwenye kona kwa kasi mara mbili, na mtoto anayevuka kwenda kuteka maji ziwani hana pa kukimbilia.

Lipo jambo jingine ambalo kwetu lingepaswa kuzungumzwa kila siku. Burundi tunaendesha upande wa kulia. Magari mengi tunayonunua yametoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam, na Japani wanaendesha kushoto. Wengi hudhani tofauti ni usukani tu, dereva atazoea. Tazama mlango wa basi dogo la Hiace lililotengenezwa kwa Wajapani: mlango wa abiria uko kushoto. Kwetu kushoto ni katikati ya barabara. Mama anayeshuka Magara na ndoo ya mawese kichwani anashukia palepale magari yanapopita. Tazama na taa. Za Japani zimepangwa ili zikishushwa, mwanga wake uinuke kidogo upande wa kushoto, kumulika ukingo wa barabara na watembea kwa miguu wa huko. Zikiletwa huku bila kubadilishwa, mwanga huo unaingia moja kwa moja machoni mwa dereva anayekuja mbele yako. Usiku, barabara nyembamba, ziwa chini. Hayo hayaandikwi kwenye karatasi anayokukabidhi muuzaji, na muuzaji hana sababu ya kuyataja, kwani mwaka mzima yeye mwenyewe ameendesha hivyohivyo.

Wapo wanaojitetea kwa kusema gari la Japani limeshakaguliwa kwao. Kweli, ukaguzi wa Japani, uitwao shaken, ni mkali: gari jipya dogo la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Kwa kuwa una gharama kubwa, wenye magari wengi huona heri kuuza gari kuliko kulipitisha tena, na hapo ndipo gari huanza safari ya kuja kwetu. Mara nyingi, basi, gari limekuja Afrika kwa sababu mwenyewe hakutaka kulipeleka kwenye ukaguzi uliofuata. Likifutwa kwenye daftari la huko ili lisafirishwe, shaken yake nayo imekwisha. Kenya waliliona hilo mapema, wakaweka ukomo wa miaka 8 kwa magari yaliyotumika yanayoingizwa na kutaka yakaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Hata ukaguzi huo unamlinda mnunuzi wa kwanza bandarini Mombasa. Mnunuzi wa nne wa gari hilo hawezi kujificha nyuma yake.

Imani hii imetoka wapi? Nadhani sehemu yake imeletwa na ndugu zetu walioko Ulaya. Ufaransa, kwa gari lenye zaidi ya miaka 4, muuzaji hutakiwa kumpa mnunuzi hati ya ukaguzi isiyozidi miezi 6. Mtu aliyeishi Lyon akirudi Rumonge husema, kule ni muuzaji anayepeleka gari, na hapa iwe hivyo. Ila ataje na yaliyobaki. Kule hati ina orodha ya kasoro, zile nzito na zile ndogo, na mnunuzi huisoma mstari kwa mstari. Muuzaji ana anwani inayojulikana na anaweza kufikishwa mahakamani. Na hata kule hati hutolewa ili mnunuzi ajue anachonunua. Haimwondolei wajibu siku anapoligeuza gari kuwa lake. Sisi tumechukua nusu ya desturi hiyo, ile nusu inayotupumzisha.

Sheria yetu wenyewe haiungi mkono uvivu huu. Kitabu cha tatu cha Kanuni ya Madai, kinachohusu mikataba, asili yake ni amri ya kikoloni ya Kongo ya 1888, na msingi wake unajulikana kwa wanasheria wote wa Bujumbura: muuzaji huwajibika kwa kasoro zilizofichika, na hawajibiki kwa kasoro zilizo wazi ambazo mnunuzi angeweza kuziona mwenyewe. Tairi lililokwisha si siri. Usukani unaocheza hujulikana ukikata kona ya kwanza. Breki ya mkono isiyoshika hujulikana ukisimama mlimani. Ukinunua bila kutazama, kwa yote hayo huna madai. Msingi wa pili ni mzito zaidi: mtu huwajibika kwa madhara ya vitu vilivyo chini ya uangalizi wake. Gari likikwangua ukuta wa jirani au likamvunja mguu mwenda kwa miguu, swali la kwanza ni nani alikuwa nalo mkononi. Hakuna jaji atakayetosheka na jibu kwamba aliyeniuzia aliniambia kontroli iko sawa.

Na hapa niseme wazi juu ya karte rozi. Wengi hununua gari na kuliacha kwa jina la mmiliki wa kwanza miaka na miaka, wakikwepa gharama za kubadilisha jina huko OBR, mamlaka ya mapato. Ukiwauliza, hurudi kwenye imani ileile: karatasi ni za muuzaji. Matokeo yake ajali ikitokea polisi humtafuta mtu aliyeuza gari zamani, kampuni ya bima hupata sababu ya kuvuta miguu, na majeruhi hulala hospitalini akisubiri watu wazima wamalize kutupiana lawama. Huo ni udhalimu kwa mtu ambaye hakununua wala hakuuza chochote.

Najua pingamizi kubwa. Wanasema muuzaji ndiye anayelijua gari, basi yeye ndiye awajibike. Ni kweli analijua. Anajua hata sauti inayotoka gurudumu la nyuma likipanda. Ndiyo sababu haifai yeye achague siku ya ukaguzi, achague fundi, na achague matairi ya kuvaa siku hiyo. Mwenye kujua kasoro na mwenye faida ya kuificha ni mtu mmoja, nasi tumemkabidhi kazi ya kutuarifu.

Pingamizi jingine ni la umaskini, na hili silidharau. Kutoka Rumonge kwenda kwenye ukaguzi Bujumbura ni kama kilomita 75, na mafuta miaka hii watu huyatafuta kwa siku kadhaa, wengine wakilala kwenye foleni. Mtu aliyekusanya akiba kwa kuuza ndagala ataipeleka wapi pesa ya safari ya pili? Namjibu ndugu yangu huyo kwamba safari ya kubadilisha jina inamsubiri kwa vyovyote. Aifanye kwanza, na gari likaguliwe siku hiyohiyo akiwa amesimama pale. Gharama azikate kwenye bei. Muuzaji mwenye gari zima atakubali, na anayekataa amekwisha kumjibu.

Mafundi pia wana nafasi yao. Peleka wako, usiende na wa dalali. Mwambie apige jeki magurudumu yote manne, ayatikise, afungue angalau moja la mbele na moja la nyuma aone pedi. Wewe mwenyewe soma ubavuni mwa tairi: herufi DOT hufuatwa na namba, na tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ukikuta 2314, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama linang'aa kwa rangi nyeusi. Jioni washeni taa mbele ya ukuta muone mwanga unainukia upande gani.

Kisha mwandikiane, mbele ya mashahidi, kama mnavyoandikiana kwa shamba la michikichi. Mkataba useme kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya gari kukaguliwa mnunuzi akiwepo. Kwamba likishindwa, muuzaji atalitengeneza au atarudisha arbuni yote. Na kwamba tangu siku ya malipo hayo kila ukaguzi, bima na jina kwenye karte rozi ni juu ya mnunuzi. Dalali naye aweke saini yake chini ya hayo, kwa kuwa yeye ndiye atakayesimama kesho mbele ya boneti nyingine, na karatasi nyingine mkononi.